Biskuti za Jua la Muhuru

Walisema sitaweza. Baba mdogo Ogola alisema mvulana akishika unga, unga wenyewe unaona aibu. Watoto wa kanisani walisema biskuti hazitoki jikoni, zinatoka dukani, ndani ya bati lenye picha. Nawaambia haya mapema, wasomaji wangu, ili mjue nilikotoka, maana leo stashahada yangu ya uokaji inaning'inia ukutani hapa Rangwe, ndani ya kioo, na mikate ya tanuri langu huliwa mpaka Migori. Sijisifu bure. Lakini kila Desemba, sukari inapoanza kubadilika rangi motoni na ile harufu yake tamu yenye uchungu kidogo ikinipanda puani, miguu yangu hukosa utulivu. Nakwenda dirishani kutazama jua liko wapi. Wafanyakazi wangu hudhani namtazamia mteja.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi. Tuliishi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, nyumba yetu ikielekea vilima vya Ruri, upande linakozama jua. Mama alitoka Muhuru, kwa wavuvi, na alikuwa Msabato wa kweli kweli. Watu wengine walingoja jua lizame kabisa ndipo Sabato yao ianze. Mama hakungoja. Ijumaa jua likigusa tu kilele cha Ruri, makaa yalifukiwa majivu, sufuria zikafunikwa, na hata kiberiti hakikuwashwa tena mpaka kesho yake jioni. Hakujaliwa binti, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua jiko lake kuliko wavulana wote wa pale. Walinicheka kwa hilo. Leo nawauzia mikate.

Mwaka huo Krismasi iliangukia Jumamosi. Baada ya ibada tungekula pamoja kanisani, kila nyumba na chungu chake. Nami, siku moja nikichota maji na wenzangu, nilisikia mdomo wangu ukisema kwamba nitaleta biskuti nilizooka mwenyewe. Si za duara kama za dukani. Zenye umbo la ngege, samaki wetu wa ziwani, na jicho la karanga. Wakacheka mpaka maji yakamwagika. "Usipozileta," akasema mkubwa wao, "jina lako litakuwa Memsahibu mpaka uzeeke." Baba mdogo alipolisikia jina hilo alilipenda sana. Hakungoja hata Krismasi ifike, akaanza kulitumia siku ile ile.

Nyumbani tulikuwa na unga na samli tu. Vingine niliazima. Mke wa mwalimu, ambaye nilikuwa nimemwona akioka nilipompelekea kuni, alinipa chekeche lake na maelezo kwa mdomo. Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, jirani yetu Mkatoliki, alinipa mayai sita na sufuria yake kubwa ya arusi. Sukari, niwaambie ukweli, ilitoka kwa Baba mdogo mwenyewe.

"Chukua, Memsahibu," alisema. "Lakini nilipwe kwa biskuti. Usiniletee majivu."

Wote watatu niliwaahidi ngege kumi kumi. Nilikuwa tajiri wa ahadi.

Ijumaa ilifika na mimi sikuweza kuketi. Tangu asubuhi nilichekecha unga ambao ulikuwa umeshachekechwa. Nilipanga makaa, nikayapangua. Nilimwaga mchanga ndani ya sufuria ya Min Akinyi, nikaweka juu yake sinia dogo la bati, na juu ya kifuniko nikatandika makaa mengine, kama nilivyoona kwa mwalimu. Nilikata ngege wangu kwa kisu, mapezi na mikia, kila mmoja jicho lake. Jua lilikuwa bado juu. Nilitoka kulitazama mara nyingi hata Mama akasema, "Nyathina, mwanangu, hilo jua halitaibwa."

Kisha nikafunua sufuria.

Ngege walikuwa wamevimba, tena rangi yao ilikuwa manjano iliyoelekea kijani. Nilipomuuma mmoja mkiani, ulimi ulikataa. Mke wa mwalimu alikuwa ameniambia nitie magadi, ncha ya kijiko. Yeye alimaanisha unga mweupe wa dukani, wa kuokea. Kwetu magadi yalikuwa ya aina moja tu, yale mawe ya kijivu ambayo Mama aliyatia kwenye mboga chungu ili zilainike. Niliyasaga vizuri, nikajaza kijiko kizima, kwa kuwa nilitaka Krismasi iwe kubwa.

Baba mdogo alikuwa kando ya ukuta, akitengeneza baiskeli. Alionja, akatema mbali.

"Jamani! Memsahibu ameoka sabuni! Kesho watu wataoga kabla ya kuomba!"

Min Akinyi, aliyekuja kuangalia sufuria yake, alicheka akiwa ameshika ukuta. Kisha aliniona uso, akaacha. "Mayai si yamebaki matatu? Kanda tena. Acha magadi yako kwa mboga."

Nikakanda tena. Sasa jua lilikuwa limeteremka, na mimi nilikuwa na mikono miwili tu. Unga ulinishika vidole, kisu kilianguka, ngege wengine walitoka bila mkia. Makaa yalikuwa yamelegea, nikapuliza mpaka macho yakawaka. Kila nikiinua kichwa, jua lilikuwa limekaribia Ruri kwa hatua nyingine. Nilipoweka sinia ndani na kufunika, ukingo wa chini wa jua ulikuwa karibu kabisa na kilele.

Nilisikia hatua za Mama. Nilijua anakuja na majivu ya kufukia moto. Sikulia, ila nilianza kuzunguka sufuria kama kuku aliyefungwa mguu.

Mama alisimama mlangoni, mgongo wake kwa vilima, kanga yake ikiwa imetandazwa mabegani, na mlango wote ukajaa. Mikono yake haikuwa na kitu.

"Mama, jua limegusa?"

"Jua gani?"

"La Ruri."

"La Ruri sijui," alisema. "Kule kwetu Muhuru jua halina kilima cha kulizuia. Sasa hivi bado wanaanika omena, dagaa wao. Tazama sufuria yako, usinitazame mimi."

"Mama Msabato," Min Akinyi alisema taratibu, "leo unafuata jua la Muhuru?"

"Leo nafuata hilo."

Nikatazama sufuria. Baada ya muda ambao sikuweza kuupima, ile harufu ilianza, ya sukari inayogeuka. Nikafunua. Ngege walikuwa wa hudhurungi, wakavu, wazuri. Nilipowatoa wote, Mama alipita, akafukia makaa, na ndipo mlango ukabaki wazi. Nje palikuwa na kiza chepesi. Sikulifikiria hilo. Nilikuwa nahesabu ngege.

Kesho yake kanisani waliliwa kufumba na kufumbua, na hakuna aliyeniita Memsahibu isipokuwa Baba mdogo. Yeye hakupata hata mkia, wala Min Akinyi, wala mke wa mwalimu. Kwa miaka mingi, kila nilipokuja likizo kutoka chuo cha Nairobi, Baba mdogo alinisalimu hivi: "Memsahibu, sukari yangu?"

Nilipohitimu nilipelekwa kwanza Muhuru kwa shughuli ya mikate ya shule. Jioni moja nilisimama ufukweni, saa mkononi, kulitazama lile jua la Mama likizama ziwani. Halikuchelewa. Tofauti yake na jua la nyumbani kwetu ilikuwa muda ambao hata chai haipoi; jioni ile, makaa yalipofukiwa, hata Muhuru lilikuwa limeshazama. Mama alikuwa mtoto wa pale. Alijua. Nilikaa kwenye mchanga na stashahada yangu yote, nikaelewa kwamba jioni ile kulikuwa na wakopeshaji wanne, si watatu.

Kwa hiyo tanuri langu la Rangwe lilipowashwa mara ya kwanza, ilikuwa wiki ya Krismasi, niliwaoka ngege. Ijumaa asubuhi nilipanda baiskeli na mabati matatu ya biskuti. Mke wa mwalimu alilia kidogo. Min Akinyi aliuliza kama kuna magadi. Baba mdogo, ambaye meno yalikuwa yamemwacha, alimchovya ngege kwenye chai, akanyonya, akafumba macho. "Tumemalizana," akasema, na akaniita kwa jina langu.

Mama nilimleta Rangwe siku hiyo hiyo, nikamketisha mlangoni pa tanuri. Jua lilipokuwa bado juu sana, mbali na kilima chochote, nilichukua koleo nikaanza kutoa makaa yote nje.

"Mbona unazima? Bado mapema."

"Hili ni lile jua la Muhuru, Mama. Nakurudishia."

Alinitazama. Kisha akavuta kanga mabegani, akachukua ngege mmoja kwenye sinia, akamuuma mkiani.

"Kumbe uliona," akasema, akasogea kidogo mlangoni ili nami nipate kukaa.