Inzi wa Ndizi na Macho ya Mtoto Wangu

Mimi nauza nyanya na ndizi Malaba, kando ya foleni ya malori, na kwa macho siwezi kujua nyanya gani imeiva. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu. Cheka kwanza, umalize. Darasa la tatu nilipaka ng'ombe rangi ya majani, mwalimu akanichapa ati nina madharau. Hiyo siku sikuwa nayo. Siku zingine nilikuwa nayo.

Nyanya naminya na kidole gumba, hapa karibu na kikonyo, halafu nanusa. Sikosei. Madereva wananiita daktari.

Mtoto wangu, kijana, alikuwa hajafika miaka miwili wakati mama yake alipanda lori ya kuenda Kampala, akaniachia yeye na blanketi moja. Majirani wakaanza hesabu zao. Kuna mama wa samaki, meza yake imeshikana na yangu, huyo alikuwa ananiambia mbele ya wateja, "Wewe unalea spea ya lori ya mtu."

"Mama, hata kama ni spea, si imeingia kwa gari yangu?"

Watu wanacheka. Nikifika nyumbani sicheki. Mtoto ni mweupe kidogo, pua imesimama, na mimi ni mweusi tititi na pua yangu ni kama mtu aliikalia.

Halafu akiwa na miaka minne, mteja mmoja akaitisha nyanya zimeiva. Mtoto akamchagulia nne, zote ngumu kama mawe. Mteja akapiga kelele. Mimi niliruka juu. Nilimbeba mtoto kwa mabega, nikamnunulia soda, nikamwambia mama wa samaki, "Umeona? Ni dereva gani anaona hivi? Hii ni damu yangu!" Na walai aliacha hiyo ya spea. Kutoka hiyo siku nikaanza kulala vizuri. Nikamfunza mtoto kuminya na kidole, na akashika haraka kuliko mimi.

Mwaka huu mama yake akapiga simu. Ameolewa Tororo, maisha iko sawa, anakuja Jumapili na mzee baba yake mwenyewe kutoka Khunyangu kuchukua mtoto.

"Huyo ni wangu," nikasema.

"Mimi mwenyewe sijui ni wa nani, wewe umejua aje?"

"Wewe kuja Jumapili. Utaona."

Kwetu kama hujapeleka ng'ombe kwa kina msichana, mtoto ni wao. Mimi sikuwa nimepeleka hata kuku. Lakini mzee alikuwa hapo karibu naye, akachukua simu akasema, "Kijana, ukituonyesha ni damu yako, tutaongea." Nikakata simu nikitabasamu. Kuonyesha tu? Niliona kesi imeisha.

Dada yangu mdogo anakaa na mimi, yuko Fomu Foo. Alhamisi akitoka shule alikuja kwa meza na mkebe wa siagi, akaweka kipande ya ndizi imeoza ndani, akaanza kutega wale inzi wadogo wa ndizi.

"Hao nakupea bure," nikamwambia. "Ukinunua kumi nakuongeza mbu."

"Ni wa bayolojia. Kitabu imesema macho yao ni mekundu, nataka kuona." Akachungulia. "Ni ya kweli, mekundu kabisa."

Mimi nikachungulia. Niliona matope.

Akararua katoni ya biskuti, akaandika kwa biro. Inzi jike ana X mbili. Dume ana X moja na Y moja. Rangi ya macho inaandikwa juu kwa bega ya X, herufi ndogo hivi: R kubwa ni macho mekundu, r ndogo ni macho meupe.

"Na Y?"

"Kwa Y hakuandikwi kitu. Hiyo kitu haibebi."

"Kwa hivyo Y inaenda safari bila mzigo."

"Ndio. Sasa dume akizaa kijana, anampa nini?"

Mimi niliacha shule la nane, sikuacha akili. "Anampa Y. Angempa X angekuwa msichana."

"Na huyo kijana akiwa na macho meupe, ametoa wapi?"

"Kwa mamake."

"Na mamake ana macho mekundu?"

"Si ana X mbili? Ile nzuri inaficha ile ingine."

Akanipigia makofi. Alikuwa na furaha sana kufunza mtu. "Na si inzi peke yake, hata watu! Hata hiyo ya kutoona rangi inaandikwa hivi hivi, kitabu ime..."

Biro ikasimama.

"Maliza," nikamwambia.

"Hakuna."

"Maliza, dada."

"Wewe ulimpa Y," akasema polepole. "Macho alitoa kwa mamake."

"Kwa hivyo si wangu."

"Sijasema hivyo! Anaweza kuwa wako kabisa. Ni vile macho haisemi ndio, haisemi hapana. Haisemi kitu."

Nikaangalia ile Y kwa katoni. Imesimama mikono juu kama mtu ameshikwa na polisi, na mfukoni hakuna kitu.

Jumapili asubuhi dada akaniuliza, "Bado utamfanyisha mtoto ile ya kuchagua nyanya mbele yao?"

"Hao hawajasoma bayolojia."

"Lakini wewe umesoma."

Nikapanguza beseni ya nyanya.

Walifika nyumbani kwangu saa nane mchana. Mama wa samaki nilikuwa nimemwita awe shahidi. Nikaweka beseni katikati, nikaongea kama niko kwa foleni. "Mzee, mimi sioni rangi, na huyu mtoto haoni rangi. Hii kitu haiokotwi barabarani." Nikamwambia mtoto aonyeshe zenye zimeiva, na macho tu, bila kugusa. Akaonyesha hii, hii na hii. Mbili zilikuwa mbichi, nilikuwa nimeziminya asubuhi.

"Haki huyo ni wa babake," mama wa samaki akasema.

Mama ya mtoto akashika mdomo. Nilimwona akianza kuamini. Nilikuwa nimeshinda.

Mzee akainama juu ya beseni, akakaa hapo. "Sasa amekosea wapi?" akauliza. "Hizi zote si zimeiva?"

"Baba, hizo mbili ni mbichi," msichana wake akamwambia.

"Mnaanza tena. Marehemu mama yenu alinisumbua hivyo hivyo na mambo ya mashati." Watu wakacheka. Akavuta mtoto katikati ya magoti yake. "Huyu anaona kama mimi babu yake. Huyu amefuata kuka yake."

Nikaangalia dada. Alikuwa anaangalia sakafu. Mzee alimpa msichana wake X yake, msichana akaificha, akampa mtoto. Katoni yote ilikuwa imekaa hapo kwa kiti changu na kofia yake.

"Kijana," mzee akaniuliza, bila ubaya wowote, "uko na kitu ingine?"

Mimi, mtu naweza kuuzia dereva maji ya mvua, nikasema, "Hapana, mzee."

Nguo za mtoto ziliingia kwa mfuko mmoja. Pikipiki ikingoja, mzee akachukua nyanya ya kula njiani, akaipanguza na koti. Mtoto akamnyang'anya, akaiminya na kidole karibu na kikonyo, akanusa. "Kuka, hii bado." Akarudisha, akaminya ingine, akampa. "Hii sasa." Halafu akaniangalia, kama mtoto wa shule anangoja maksi.

"Umepita," nikamwambia. Wakaenda.

Jumatatu nilikuwa kwa meza, nyanya mkononi, kidole gumba juu yake, ndio nikajua ningemjibu mzee nini. Hiyo ya kidole hakutoa kwa mamake. Lakini wakati huo walikuwa wamevuka mpaka zamani.

Mama wa samaki siku hizi hanitanii. Ananisalimia polepole, anauliza kama nimekula. Natamani aniite kitu, chochote, mbele ya wateja.