Barua ya Hiari

Kampuni ya mabasi niliyoifanyia kazi ilifunga kituo chake cha Malindi wakati abiria wengi walipokuwa wamekwisha kuhamia kwenye magari madogo. Nilikuwa karani wa tiketi kwa miaka kumi na mmoja, na mitatu ya mwisho wenzangu walinichagua niwe mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi. Haikuwa kazi ya kutisha. Nilipeleka malalamiko ya sare zilizochakaa na kubishana na meneja juu ya zamu za Idi na Krismasi. Kile kijitabu cha mkataba wetu na kampuni nilikuwa nacho kwenye droo, ila kurasa za mwisho sikuwahi kuzifungua.

Jumatatu moja meneja aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniagizia chai. Hakuwa mtu wa kumwagizia mtu chai.

"Dada, tunafunga Malindi," aliniambia. "Mabasi yote yanarudi Mombasa. Lakini wewe tunakuhitaji. Nafasi yako iko kule."

"Na wenzangu?"

Alinisogezea rundo la karatasi. Zilikuwa barua zilizokwisha kupigwa chapa, pamebaki nafasi ya jina na sahihi tu. Kila moja ilisema kwamba mwenye kutia sahihi ameamua kuacha kazi kwa hiari yake.

"Watapata mshahara wa mwezi huu na wa mwezi ujao, mkononi," alisema. "Wakilisikia jambo hili kwako hawatakuwa na wasiwasi."

Sikusema ndiyo, wala sikusema la. Nilitia barua zile mkobani nikatoka.

Jioni hiyo nilisoma zile kurasa za mwisho. Kampuni ikipunguza wafanyakazi, chama na afisa wa kazi wapewe notisi mapema, na kila mfanyakazi alipwe kwa hesabu ya miaka aliyotumika. Anayeacha mwenyewe hapati malipo hayo. Basi neno hiari lilikuwa limewekwa pale kwa kazi maalumu.

Ningependa kuandika kwamba kesho yake niliwaita wenzangu. Sikuwaita. Binti yangu alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni kule Kaloleni, na mimi ndiye niliyekuwa baba na mama yake. Jumanne nilikata tiketi. Jumatano nilikata tiketi. Nilijiambia kwamba bado natafakari, na kwamba maadamu sijampa mtu barua, sijamkosea mtu.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, fundi wetu mkuu alikuja dirishani kwangu. Alikuwa mzee wa Kakuyuni, mtu wa maneno machache, aliyekaa chini ya mabasi yale kwa miaka ishirini na miwili. Mkononi alikuwa na bahasha ya pesa.

"Mwanangu, mimi nimeshatia kidole," alisema.

"Umetia kidole wapi, baba?"

"Kwa meneja. Kaniambia ile barua wewe unayo tangu Jumatatu na hukuikataa. Nikasema, kama yeye kaiona, basi."

Nilifunga dirisha, abiria wakiwa bado kwenye foleni, nikaenda karakana na kuwakusanya wote: madereva, makondakta, mafundi, na mama aliyefagia mabasi. Niliwasomea barua, kisha nikawasomea mkataba.

Dereva mmoja aliuliza, "Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Hakuna aliyenitukana. Walinitazama tu, na dereva yule akanigeuzia mgongo. Lakini hakuna mwingine aliyetia sahihi, na alasiri hiyo hiyo tulipiga simu kwa viongozi wa chama Mombasa.

Wiki mbili baadaye tuliketi mbele ya afisa wa kazi, mama mmoja mpole wa sauti. Meneja alisema hapakuwa na mtu aliyefukuzwa, na kama ushahidi akaweka mezani barua yenye alama ya kidole. Afisa aliichukua, akamgeukia fundi.

"Mzee, barua hii inasema nini?"

"Sijui kusoma, mama," alijibu. Akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Nilimwamini huyu."

Nilitoa mkobani zile barua nyingine, tupu bado, nikazipanga mezani. Nilieleza habari ya chai, ya nafasi ya Mombasa, na ya siku tatu nilizokaa kimya. Nikasema, "Mzee huyu alifichwa ukweli. Na mimi ni mmoja wa waliomficha."

Kampuni haikutaka kwenda mahakamani. Barua ya fundi ilifutwa, na chama kikakubaliana nayo kwamba wote tulipwe kama mkataba ulivyosema. Ilichukua miezi saba, na katika miezi hiyo wengine waliuza mbuzi, wengine pikipiki. Nafasi ya Mombasa sikuisikia tena. Dereva yule hanisalimu mpaka leo.

Fundi alipokwisha kulipwa, nilikwenda kwake Kakuyuni. Nilimkuta anajenga tangi la maji ya mvua.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Niliomba radhi nikiwa nimesimama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mwiko wa saruji mkononi.

"Kama ningekuwa na mtoto shuleni, sijui ningefanya nini," alisema. "Lakini nilikuamini, mwanangu. Hilo bado linaniuma, nisikudanganye."

Alinionyesha ndoo, nikaanza kumsogezea maji. Tulifanya kazi hadi saa kumi bila mazungumzo mengi. Aliponisindikiza barabarani alinipa mihogo aliyoing'oa shambani kwake tulipopita, udongo ukiwa bado mbichi, nami nikaipokea kwa mikono miwili.