Marehemu Yupo Hewani

Mtu asiniambie magemu ni mambo ya watoto. Mimi nimeyauza. Mimi na mume wangu tulikuwa na kibanda cha simu hapa Mtanda, Lindi mjini, na kibanda hicho kimetulisha, kimetujengea nyumba, na ndani yake tumegombana kila siku ya Mungu. Mwanzo walikuja wenye simu za batani, wale waliocheza gemu la nyoka mpaka kidole gumba kinavimba. Kisha zikaingia simu za tachi. Kila msimu wa korosho ulipoisha, wakulima walishuka kutoka huko ndani, mtu na mkewe, wananunua simu halafu wanasema, "Tuwekee na magemu." Tuliwawekea. Kompyuta yetu ilikuwa na mpira, magari, karata, kila kitu, na tulikuwa tunamimina kwenye memori kadi kama mtu anayepima mchele.

Biashara ile ikafa, na kilichoiua ni kukua kwake yenyewe. Magemu yakawa ya bure. Mtu anashusha mwenyewe kwa bando, na malipo yake ni kutazamishwa matangazo mpaka macho yamtoke. Vijana wa bodaboda pale kona wakaacha kucheza peke yao, wakawa wanacheza kwa timu na watu wa Dar na wa nchi za nje, wanafokeana kwenye simu kutwa nzima. Wanamnunulia mtu wa kwenye gemu nguo mpya, wakati wao shati limechanika mgongoni! Nilikuwa nawasema bila simile. Mume wangu ananicheka. "Soko linakua, mke wangu, wewe unanuna."

Ndiyo, nilinuna. Mteja akishusha gemu akiwa chumbani kwake, kwangu anafuata nini? Tukahamia kwenye vioo na chaja, maana wachezaji hawana huruma na simu.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshikwa vilevile. Gemu lake lilikuwa drafti, ile ya kucheza mtandaoni na watu usiowajua. Drafti alifundishwa na mama yake, na hapo msishangae. Mama mkwe wangu aliuza samaki wa kukaanga Somanga, pale mabasi na malori yanaposimama. Madereva walikuwa na ubao wao na vizibo vya soda kando ya meza yake. Akawatazama, akawatazama, siku moja akaomba naye acheze, na dereva wa watu akaondoka bila kuaga. Alikuwa na mwanzo wake. Anaanza na kete ya pembeni kabisa, kisha anairudia ileile, katikati anakuachia wazi ujione umefika. Ukishaingia anakula tatu kwa mpigo. Mume wangu alirithi mwanzo ule, nami akanifundisha, ingawa mimi sina subira nao.

Alinifungulia na akaunti yangu. Nilipoweka picha yangu, wanaume wakaanza: "Mambo, mrembo", "Uko wapi, dada". Nikamchamba mmoja, nikamchamba wa pili. Mume wangu akaichukua simu, akafuta jina langu, akatoa picha yangu, akaweka picha yake, ndevu na yote. "Sasa wakusumbue tuone," akasema. Toka siku hiyo watu wote waliniita kaka. Tulikuwa tunacheza mimi na yeye tumekaa meta moja, yeye kwenye kaunta, mimi kwenye kiti cha wateja, na nikifungwa namrushia kitambaa cha kufutia vioo.

Alianguka mchana, pale pale kibandani. Presha, walisema hospitali. Asubuhi alikula vizuri, akanitania, akaondoka. Sina zaidi ya hapo la kueleza, na kila nikieleza naona kama nasema uongo.

Mama yake alikuja kutoka Somanga. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka, nyumba imejaa wanawake, akanitazama mbele yao wote akasema, "Nilikukabidhi mzima." Basi. Maneno hayo yaliniingia yakakaa. Nilisema moyoni, mimi na mwanamke huyu tumemalizana, Somanga nitapita nikiwa ndani ya basi na pazia limefungwa.

Nikaanza kukaa eda. Vitu vya marehemu havilali ndani, ndivyo tulivyozoea. Shemeji yangu alikuja akakusanya kanzu, viatu, saa, akaviweka kwenye begi vikatolewe sadaka na vingine wapewe ndugu. Simu ilikwenda humo humo. Sasa, mtu wa simu hatoi simu bila kuifuta. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi yetu, tumewafutia mamia ya watu picha zao na siri zao. Ile ya mume wangu hakuna aliyeifuta. Shemeji hajui kazi hiyo, na mimi niliitazama ikiingia kwenye begi, mkono ukagoma kunyanyuka.

Shangazi yangu alikuja kukaa nami. Mchana baada ya adhuhuri alikuwa akisinzia, nami nafungua drafti, si kwa raha, kwa kutaka tu vidole viwe na kazi. Siku moja nikaona kwenye orodha ya marafiki jina la mume wangu lina kidoa cha kijani. Yupo hewani.

Jamani. Kabla sijaitupa simu, ukaja mwaliko: anataka tucheze.

Akili yangu ya kibandani iliniambia ukweli mara moja. Simu imetolewa sadaka, kuna mtu kaipata, kafungua, kabonyeza. Ni jambo dogo. Nikakubali ili nimwone huyo mtu. Ubao ukafunguka, akaanza yeye. Kete ya pembeni kabisa. Nikacheza yangu. Akairudia ileile. Katikati pakawa wazi.

Nilipiga ukelele, shangazi akazinduka. Nikamwonyesha. Akatazama ubao kama mtu anayetazama nyoka kwenye ndoo.

"Eda na gemu wapi na wapi?" akasema. "Soma Ayatul Kursi, uizime."

Nikasoma. Sikuizima. Nilifungwa, na nilipofungwa nililia kwa sauti kwa mara ya kwanza toka mazishi, na nilipomaliza kulia nilikuwa natamani kesho ifike.

Ikafika, naye akaja. Ikawa ndiyo siku zetu. Adhuhuri ikipita, kijani kinawaka. Najua wafu hawachezi drafti. Nimesoma madrasa, sijachanganyikiwa. Lakini nilioga kabla ya kucheza. Nilijifukiza udi kidogo, mjane mzima niliye ndani ya eda, ambaye manukato kakatazwa, na shangazi akanusa akageukia ukutani. Siku kijani kilipochelewa nilizunguka chumba nikimlaumu: hata huko, hata huko unanichelewesha! Chakula kilinipita. Kibanda kilifungwa, wateja wakahamia kwingine, na eda ilipokwisha watu walitegemea nitoke, nifungue, niende Somanga kumsalimia mama mkwe kama ilivyo ada. Sikwenda. Nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu duniani, kile kidoa, na niliogopa kukiulizia. Nikiuliza nani ana simu, nitajibiwa. Nikijibiwa, atakufa tena.

Kilichotufikia ni soko lenyewe, lile lile alilokuwa akinitania nalo. Lile gemu lilinunuliwa na kampuni kubwa. Drafti ya simu ilikuwa imepata watu wengi mno kuachwa kwenye mikono midogo. Likaja toleo jipya, na la zamani likagoma kufunguka mpaka ukubali. Ubao ukawa na rangi za harusi, kete zinametameta, na juu pakawa na kipaza sauti. Wachezaji sasa wanasikiana. Vijana wa kona walifurahi sana. Mimi nilipobonyeza kukubali, kipaza kilikuja kikiwa wazi, nami sikujua.

Adhuhuri, kijani kikawaka. Mwaliko, ubao, kete ya pembeni. Kisha nikasikia lori linapita. Si barabara ya kwetu. Lori lilikuwa ndani ya simu. Nikasikia mafuta yanachemka kwenye karai, na mtu anapumua karibu kabisa, pumzi za mtu mzima.

"Umekula?" sauti ikauliza.

Nikaijua kabla haijamaliza. Mama mkwe wangu. Begi lilikwenda Somanga, naye katika kanzu zote na saa alichagua simu, kwa sababu ndani yake kulikuwa na drafti. Akaifungua, na kwenye orodha ya marafiki akaona uso wa mwanawe, ndevu na yote, umewashwa kijani. Uso niliokuwa nimeuvaa mimi ili nisisumbuliwe. Muda wote ule nilipokuwa nacheza na mume wangu, yeye alikuwa anacheza na mwanawe.

Nilikaa nimeshika mdomo.

"Najua mkishakwenda huko hamjibu," akasema. Alikuwa anasema taratibu, kama mtu aliyezoea kuongea na simu hiyo hata kabla haijawa na kipaza. "Si neno. Cheza tu. Ila mkeo, baba. Mkeo hajaja. Eda imekwisha na hajaja kunisalimia. Lile neno nililomwambia lilinitoka kwa uchungu, sikulikusudia. Wewe anakusikiliza. Mwambie aje, nyumba imekuwa kubwa mno hii."

Mafuta yakaendelea kuchemka. Kulikuwa na kitufe cha kuzima sauti, nilikiona, kidole changu kilikuwa juu yake. Ningezima tungeendelea miaka, kila mmoja na maiti yake, na yule bibi angemsubiri mkwewe mpaka siku wamfunike mchanga. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi, siwezi kukataa. Nikasogeza simu mdomoni.

"Shikamoo, mama."

Lori jingine likapita. Kisha akajibu, kwa upole, bila kushtuka hata kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Mwenyewe ametoka?"

"Ametoka, mama," nikasema, nikasogeza kete yangu. "Cheza wewe, ni zamu yako."