Mkono wa Des na Mjusi wa Raewyn

Kuna watu wamezaliwa na mkono wa kuzima. Mjini Bluff, huko kusini kwenye baridi, wamejaa, na baba yao Raewyn na Des alikuwa mkuu wao. Akitoka hata kukata kuni, atazunguka nyumba nzima, ta, ta, ta, swichi zote za ukutani zinazimwa, hata ya hita. Watoto wakalala pua barafu, wakaambiwa ndiyo adabu.

Raewyn aliapa kwake haitakuwa hivyo. Kafua mashuka ya makao ya wazee mpaka mgongo ukapinda, kamzika mumewe Trevor, akabaki na Huhu, mjusi wa madoa kama chui. Sanduku la Huhu la kioo halikukosa joto. Chini yake, upande mmoja, mkeka wa umeme, na kidude cha kuuzuia usipite kiasi. Upande wa pili ubaridi, mjusi achague mwenyewe. Mchana taa hafifu, usiku giza, maana naye ana macho. Mjusi huyu tumbo lake ni chungu: moto wa chini ukikosekana, chakula kinaozea humo humo.

Akaenda hospitali mjini Dunedin kupasuliwa jicho moja, la pili lingefuata. Nyumba kamwachia Des.

"Swichi hii hapa usiiguse. Umesikia?"

"Ah, dada, mimi mtoto?"

Karudi, jicho limefunikwa. Akatia mkono chini ya sanduku: baridi kama jiwe la mtoni. Huhu kajikunja, tumbo limevimba, limekuwa jeusi.

"Des!"

"Nini tena? Nimemlisha vizuri. Jana kala funza bakuli zima!"

"Na swichi?"

"Nikitoka nazima. Nyumba ikiungua je? Si ndivyo mzee alivyotufunza?"

"Mzee kafa kwa nimonia, Des! Kitandani kwake, juu ya blanketi la umeme alilolizima kwa mkono wake!"

Des akamnyakua mjusi, mbio mpaka mbele ya jiko la kuni. Raewyn akamchapa kofi mkononi.

"Umgandishe, halafu umchome? Mrudishe!"

Akawasha mkeka, akapandisha joto pole pole, akakaa hapo na jicho lake moja. Des kaleta chai. Ikapoa, haikuguswa.

"Dada, si mjusi tu huyu?"

"Na wewe si mtu tu? Tangu Trevor afe, nani kakaa na mimi humu? Wewe? Wewe nakusikia Krismasi, tena ukiwa umelewa."

Jioni Huhu akatapika funza, wazima wazima, wananuka uvundo. Kisha akajikokota mpaka upande wa joto, akalaza tumbo. Kapona.

Des akacheka, machozi yanamlenga. "Umeona? Mzima! Basi yaishe."

"Mzima yeye. Wewe weka ufunguo mezani."

"Raewyn! Upepo wa kusini huu, na barafu yake, unanifukuza kwa ajili ya mjusi?"

"Kwa ajili ya mkono wako. Nilikuomba kitu kimoja."

Kaweka, kaondoka, mlango kaubamiza. Bluff nzima ikasema mwanamke yule ana roho ngumu. Anayo, na aliihitaji.

Jicho la pili halijapasuliwa mpaka leo. Wakimpigia simu kutoka hospitali anawajibu hana wa kumwachia nyumba, na anakata.