Chingamu Juu ya Taa ya Airbag

Nianze na yenye kunipatisha haya zaidi, juu nikiiacha nyuma nitakimbia mbele ya kuifikia. Taa ya airbag ya motoka yangu iliwaka, na mi nikatosha chingamu mu kinywa, nikaibandika juu yake. Bado iko na mate. Nikaifinya na kidole, taa ikapotea, nikasema: motoka imepona.

Mutanicheka. Mucheke tu. Ata mi nilichekaka, na bashofere bote ku parking balichekaka. Kosa yangu iko palepale, mu kile kicheko. Chingamu yenyewe haina kosa.

Mi niko shofere wa taksi hapa Kolwezi. Masomo nilikomesha ku ya tatu sekondere. Mwalimu alisema niko na kinywa ya avoka na kichwa ya mbuzi. Motoka yangu ni ile yenye volant, usukani, ku mukono ya kuume, kadogo kabisa, bantu bane bakiingia nyuma, mumoja anabeba magoti yake mu mikono. Nilikuwa naipenda. Kitu moja tu ilikuwa inanipatisha haya: radio. Ilikuwa inaimba sawa muntu wa mafua.

Sasa lazima mujue Dona.

Dona ni rafiki yangu. Tulikulia parcelle na parcelle, kiwanja pembeni ya kiwanja, mu nyumba za zamani za batumishi ba mine, mugodi ya shaba. Bankambo yake, babu zake, balitoka Kasai kuja kutumika, bangu balitoka ku Musumba, na siye batoto tulikuwa tunakula bukari, ule ugali wetu, mu sahani moja, mwenye mukono mukubwa njo anashiba. Mi Mungu alinipa kinywa ya kuchekesha. Yeye akamupa sauti. Dona akiimba mu korali ya parokia, ata bamama benye kulalaka mu misa banaamuka. Na si mu misa tu. Ndoa, matanga, ubatizo, banamuita yeye, na ile banamupa njo alikuwa analisha nayo batoto na mama yake. Wengine banachimba ku karyeri, ku mashimo ya madini, na nyundo. Dona nyundo yake ilikuwa mu shingo.

Dada yake wa mwisho alikuwa anaolewa ku Lubudi. Dona njo atamuimbia wakati wa kuingia mu kanisa. Nikamuambia: kaka, hautapanda gari-moshi, mi nitakupeleka mwenyewe, na mu njia utajisikiliza. Juu korali yao ilikuwa imejirekodi, na mi nilikuwa nimepata radio mupya, yenye ekran, kioo mukubwa sawa televizyo ya padiri.

Fundi ku soko alisema nimuletee motoka, atanipachikia. Nikakatala. Waya tatu ine, mi nishindwe? Nikakaa mu parcelle, nikakamata kisu ya muke wangu ya kukata nyanya, nikafungua tablo, ule ubao ya mbele kwenye radio na taa zinakaa. Funguo niliiacha ku kontakti, fasi ya kuwashia, moto ya umeme inapita mu motoka yote, juu nilitaka muziki itoke palepale.

Radio ikaingia nusu, ikakatala. Nyuma kulikuwa kafishi ka manjano, ile kaplastiki kenye kuunganisha waya na waya. Kalikuwa kanaifungia njia. Nikakachomoa. Nikakafunga mu sashe, mufuko ya plastiki, nikakasukuma kule chini, sawa muntu anafagia uchafu chini ya kitanda wakati bageni bako ku mulango. Radio ikaingia. Muziki ikapiga. Batoto ba jirani bakatoka kucheza, na mi nikacheza nabo, na kisu mu mukono.

Kisha nikaona ku tablo taa nyekundu. Kamuntu kamekaa, mbele yake kamupira. Nikazima motoka, nikawasha tena. Kamuntu kakarudia. Nikapiga tablo ngumi. Kako palepale, kananiangalia.

Kesho yake nikapita kwa elektrisie, fundi wa umeme wa motoka, pembeni ya parking yetu. Hakufungua ata kitu. Akaniuliza tu kama nilichomoa kitu ya manjano. Nikamuambia ndiyo. Akanieleza pole pole: waya zote za manjano ni za airbag, ule mufuko ya upepo wenye kukinga muntu motoka ikigonga, na ile taa ikibaki inawaka, airbag imelala, si yangu, si ya pembeni yangu, hakuna yenye itafunguka. Nitoe funguo, niondoe batri, ningoje kidogo moto yenye kubakia iishe mule ndani. Kisha nirudishe kafishi mpaka nisikie "ka". Nyuma ya pale nimuletee apitishe skana, kosa ifutike mu mashini, taa izimike yenyewe. Kazi ya asubui moja.

Lakini kafishi kakirudia fasi yake, radio yangu haingii. Lazima kuitosha, kukata kipande ya chuma kule nyuma, kuipanga upya. Na ndoa ilikuwa siku ya posho, Jumamosi. Na bashofere balikuwa bamesimama pale, banatega masikio. Mi nikiona bantu banatega masikio, akili yangu yote inashuka mu kinywa.

Nikasema: "Papa, siye bantu ya Kolwezi, barrage ya Nzilo, bwawa ya umeme, iko hapa pembeni na tunalalaka mu giza. Taa ikiwaka, tunapigaka makofi. Leo unataka niogope taa juu inawaka?"

Bakacheka, mama yangu! Mumoja alishika pneu, gurudumu, ili asianguke. Ata elektrisie alicheka kidogo. Kisha akasema:

"Sawa, muchekeshaji. Lakini kumbuka kuko mwenye anakaa pembeni yako."

Kila muntu alikuwa anangoja nimujibu na ingine. Njo nikatosha chingamu mu kinywa, nikaingiza kichwa mu motoka, nikaibandika. Bakacheka zaidi ya mara ya kwanza. Nikarudia ku nyumba nimefura kifua sawa gavana.

Mi nilijua. Naiandika tena ili kusiwe mwenye atanisamehe mbio: nilijua.

Siku ya posho tukatoka asubui, Dona na mi. Mama yake na bengine bote balikuwa bamekwenda mbele na gari-moshi. Kostime yake aliitundika kule nyuma ndani ya sashe, na shingo yake ameifunga na eshalpe, kitambaa ya shingo, juu vumbi ya njia ni adui wa sauti. Ata mayi ya baridi hakukunywa. Alikuwa anachunga ile shingo sawa mama anachunga yai ya kuku ya mwisho.

Tulipopita kizuizi ya kutoka muji, akaona chingamu. Dona anapenda usafi. Akaikwangua na ukucha, ikatoka, na kamuntu kakawaka palepale.

"Kaka, kano kamuntu kenye kubeba mupira ni nini?"

Hapo njo Mungu alinipa mulango ya mwisho, wazi kabisa. Ningesema: Dona, ni airbag, imekufa, ni mi niliiua, tushuke, tutafute ingine motoka. Angenitukana, angekamata bus, angeimba.

Nikasema: "Kale ni we, nyuma ya kula bukari ya ndoa. Hauone tumbo? Airbag iko macho inakungojea, njo maana inawaka. Ikizima, hapo uogope."

Dona akacheka mpaka akapanguza macho na eshalpe. Akapiga paja yangu. Kisha akakamata ile chingamu na kidole yake mwenyewe, akairudisha juu ya taa, akasema tukafunike ile tumbo, haya mbele ya bashemeji.

Ile kidole sitaisahau.

Njia ya Lubudi munaijua. Vumbi nyekundu, bakamio, malori ya mine, zinapita moja nyuma ya ingine, ukipishana nayo unaendesha na imani. Radio ilikuwa inapiga korali yao. Sauti ya Dona inatoka mu tablo, na Dona mwenyewe anajisahihisha: pale nilichelewa, pale nilipanda vizuri. Akaomba niongeze kidogo. Nikainama ku ekran.

Nilipoinua kichwa, matawi ilikuwa mu barabara.

Kila mutoto wa huku anajua matawi. Shofere wa kamio akiharibikiwa, anakata majani mu pori, anayatandika nyuma ya kamio yake ili benye kuja bapunguze. Hakuna muntu anaonaka matawi mu barabara, anasema ni ya kupamba. Hakuna anabandikaka kitu juu yake. Ata mi, na kichwa yangu ya mbuzi, matawi naisomaka. Ile siku niliisoma nimechelewa. Nikakanyaga fren, breki, motoka ikateleza ku mchanga, nikakata kuume. Fasi yangu ikapita. Ile ya kushoto, fasi ya Dona, ikaingia ku kona ya nyuma ya kamio.

Hatukuwa mbio sana. Njo yenye kuniumiza. Munganga mwenyewe alisema: mukanda ilimushika kifua, lakini tablo ilikuja, na shingo ilikuwa mbele. Pale katikati ingekuwa ile mufuko ya upepo. Lakini kuko muntu alikuwa ameilalisha.

Vumbi iliposhuka, nilisikia Dona anaimba. Nikasema: asante Yezu, rafiki yangu ni muzima.

Ilikuwa radio. Haikuzimika, ile radio ya bibaya, haikupata ata alama. Dona wa mu radio alikuwa anapanda muzuri, na Dona wa pembeni yangu alikuwa anafungua kinywa, anafunga, hakuna kenye kutoka. Mikono yake iko ku shingo. Eshalpe imekuwa nyekundu. Na ku tablo, chingamu ilikuwa imeanguka. Kamuntu kanawaka.

Sikujua namna ya kuzima ile radio. Mi niliyeiweka! Nilifinya kila fasi, na Dona wa mu radio akaendelea kuimba mpaka mwisho wa wimbo.

Bakreseri, bachimbaji ba madini, benye kupita na pikipiki njo balitusaidia, bakasimamisha motoka ya kurudia Kolwezi. Ku hopitali bakamutoboa shingo ili apumue. Ku Lubudi, bibi-arusi alingoja ku mulango ya kanisa mpaka padiri akachoka. Akaingia bila wimbo.

Sasa musikie ubaya yangu ya pili, yenye kupita ya kwanza. Bantu bakakuja kuniangalia, mi na mbavu yangu moja ya kuvunjika. Bakaniuliza: na airbag? Nikasema hizi motoka za okazyo, zenye bengine balishatumia, banatuletea bitu bya kufa. Nikasema mwenye kuniuzia alinidanganya. Nikasema kamio ilisimama mubaya. Nilikuwa na majibu ya kila mugeni, na mwisho ya kila jibu nikaweka kamuchezo kadogo, bantu bacheke, basiulize ingine. Baliniletea bukari na bitoyo, samaki za chumvi. Nilikula yote.

Mpaka mama ya Dona akakuja. Alikaa ku kiti, akafungua kitambaa, akatosha ndizi za kuiva. Akasema: "Mwana wangu, Mungu akubariki. Bako naniambia we njo ulimubeba mu mikono mpaka ku motoka."

Nilimuambia aksanti, mama. Nilimuambia hivyo. Akaenda. Zile ndizi nilishindwa kuzimenya, zikaoza hapo ku kitanda, na muke wangu akaniuliza kama niko naficha nini.

Dona alitoka hopitali. Anatembea, anakula, anashika batoto yake. Lakini sauti haikurudia. Iko pumzi tu yenye kupita mu maneno, lazima usogeze sikio. Munganga anasema hivyo njo itabaki. Mama yake sasa anauza makala mbele ya parcelle. Ku korali baliweka muntu mwingine. Anaimba muzuri, na mi siendake tena ile misa.

Siku ya yenga moja, Jumapili, bantu bote bako ku kanisa, nikaenda kwake. Alikuwa peke yake mu parcelle, anapondaponda kalanga. Nikakaa chini, ku udongo, si ku kiti. Nikamuambia yote: kisu ya nyanya, kafishi ka manjano, sashe, elektrisie, chingamu, uongo ya tumbo. Kwa mara ya kwanza mu maisha yangu niliongea mwanzo mpaka mwisho bila kutia muchezo.

Benye kusoma hii, mi si mwalimu. Lakini ukiweka radio mupya na kale kamuntu kakawaka, usipande nayo muntu. Toa funguo, toa batri, ngoja kidogo, tafuta kafishi ka manjano, karudishe, peleka ku skana. Ukiona haya mbele ya bashofere, ona haya. Na muntu akikuuliza kitu juu ya maisha yake, mujibu kwanza. Kicheko itangoja, haiozake.

Dona aliponda kalanga mpaka zikaisha. Nikangoja anifukuze, ao anipige na ule muti wa kupondea. Akaniita na kidole, ile ile kidole, nisogeze sikio. Nikasogeza. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya kalanga.

"Nilikuuliza, kaka," akasema. "Ukanichekesha."