Siri Niliyopewa Kambini

Kambi yetu ya watoto hudumu siku kumi tu, wakati wa likizo kubwa, vumbi la barabara iendayo kijiji cha Miti linapokuwa limeshika kila jani. Mimi huifanyia kazi mwaka mzima. Septemba nazunguka kuwashukuru waliotuazima magodoro. Kuanzia Oktoba natembelea makanisa ya Bukavu, moja baada ya jingine, nikiwaomba wazazi watukabidhi watoto wao. Februari tunaanza kuwafundisha wamonitere, wale vijana watakaolala na watoto, kucheza nao na kuwafundisha nyimbo. Baada ya Pasaka natafuta masufuria makubwa, maharagwe, na muuguzi mmoja mwenye uvumilivu. Juni naandikisha. Julai tunapanda kwenda kambini.

Watu huniita Maman Kambi. Nimelipenda jina hilo kuliko inavyofaa, na nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa tumeazima shule ya msingi upande wa Miti, kwenye njia ya kwenda Lwiro. Asubuhi kulikuwa na baridi kali, watoto wakanywa uji wakiwa wamejifunika vikwembe, vitenge vya mama zao. Siku ya nne, baada ya uji, nilifanya jambo nililokuwa nikilifanya kila mwaka: niliwaomba watoto waliofiwa na baba au mama wasogee mbele ili tuwaombee. Niliona ni huruma. Leo nikiwakumbuka watoto wa miaka minane wakiinuka mmoja mmoja mbele ya wenzao wote, natamani kujifunika uso.

Kulikuwa na msichana mmoja wa miaka kumi na mmoja kutoka mtaa wa Bagira, mwenye mwanya na sauti kubwa, ambaye tangu siku ya kwanza alikuwa ameuteka mchezo wa kamba. Kwenye fishi yake, karatasi ya kuandikishwa, mahali pa jina la baba, mama yake alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri: marehemu. Sasa watoto wengine walikuwa wamesimama mbele, na yeye alibaki amekaa, akivuta uzi kwenye mkono wa sweta yake. Nikamwita kwa kidole. Akatikisa kichwa. Nikamwita tena. Akainuka, akatoka nje mbio.

Nilimkuta nyuma ya jiko, karibu na wapishi waliokuwa wakitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Juu ya nini hukukuja mbele?" nikamuuliza.

"Mi siko yatima, maman."

"Fishi yako inasema papa alikufa."

"Maman njo aliandika, si mimi."

Hapo ningeweza kumwacha. Ningemshika mkono, nimrudishe kwenye kamba yake. Badala yake nilikaa juu ya jiwe, nikamkalisha karibu yangu, nikaitoa ile sauti ambayo wote tufanyao kazi na watoto tunayo, sauti laini inayofungua milango. Nikamwambia: "Niambie. Hapa ni mimi, wewe na Mungu tu. Haitatoka."

Akaniambia. Baba yake alikuwa ameondoka kwenda kwenye machimbo ya dhahabu huko Shabunda, yeye akiwa bado darasa la kwanza. Baadaye mama alileta habari kwamba shimo limemfukia. Watu wakaja kulia, kanisa likaimba, mama akavaa nguo za msiba. Kisha siku moja mtoto alikuwa peke yake ndani na simu ya mama ikalia. Sauti ya mwanaume ikamwita kwa jina lile la nyumbani ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Mama akaingia, akamnyang'anya simu, akasema, "Umekosea numero," akaikata. Halafu akakaa chini na kulia, akamweleza ukweli wote: baba alikuwa ameoa mke mwingine kule machimboni, amezaa naye, na hatarudi. Afadhali watu wamhurumie mjane kuliko kumcheka mwanamke aliyeachwa. "Na wewe utasema alikufa," mama akamwambia. "Umesikia?"

"Sasa nikisimama mbele muniombee," mtoto akanambia, "Mungu atajua mi nadanganya."

Nilimkumbatia. Nililia kweli, sikuigiza. Nikarudia ahadi yangu. Siku zile zilizobaki alinifuata kila mahali, akinishika kikwembe, na siku ya kurudi mjini alikaa karibu nami ndani ya basi akalala kichwa chake kikiwa mapajani mwangu.

Oktoba nikaanza kuzunguka. Kanisa la kwanza lilikuwa limepoa. Wazazi waliniangalia kama watu wanaosubiri tangazo liishe. Nilikuwa nimeeleza chakula, usalama, masomo ya Biblia, na hakuna uso uliobadilika. Basi nikajisikia nasema: "Kuna mtoto mmoja kambini ambaye hakutaka kuombewa pamoja na yatima wenzake." Vichwa vikainuka. Nikaendelea hadi mwisho. Kwenye benchi la pili mama mmoja aliinua ncha ya kikwembe akapangusa macho. Baada ya ibada wazazi walinizunguka, wakitaka kujua lini tutaanza kuandikisha.

Nilijiambia kwamba sikutaja jina.

Kanisa la pili niliieleza vizuri zaidi. La tatu niliongeza mvua kwenye hadithi, ingawa ule ulikuwa wakati wa vumbi. Nilijifunza mahali pa kunyamaza, mahali pa kushusha sauti. Mwanzoni nilikuwa nikisema "mtoto mmoja". Halafu nikaona watu wanasikia vizuri wakipata kitu cha kushika, nikasema "msichana". Baadaye nikasema mama yake ni mshonaji. Na baadaye tena, bila mtu yeyote kuniuliza, nikasema wanakaa Bagira. Kila kipande kidogo nilikitoa kwa sababu kiliipa ile hadithi uzito, nami nilipenda kuona vichwa vikisogea mbele. Februari niliwaeleza hata wamonitere, katika somo kuhusu namna ya kusikiliza mtoto na kutunza siri yake. Waliandika kwenye madaftari yao.

Baada ya Pasaka nilialikwa kwenye mkutano wa kina mama wa makanisa mbalimbali, kule Kadutu. Kabla ya kuanza niliutazama ukumbi mzima, benchi kwa benchi, kuona kama mama wa yule mtoto yumo. Ninaandika hilo kwa sababu mtu anayeangalia hivyo anajua anachokifanya. Hakuwamo. Nikasimama, nikasema yote.

Juni ikafika. Watoto wengi wa mwaka uliopita walirudi kujiandikisha, wakiwa na wadogo zao. Yeye hakuja. Nikamtumia mama yake ujumbe, hakujibu. Wiki ya mwisho nilipanda taksi-basi hadi Bagira.

Nilimkuta barazani, kwenye cherehani, akishona sare za shule. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye tepi ya kupimia shingoni. Aliponiona hakusimamisha mguu. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akanisukumia kigoda.

"Karibu, maman. Ikala."

Nikakaa. Nikauliza habari za nyumbani, za kazi, za mtoto. Akajibu zote vizuri. Kisha nikasema hatujamwona binti yetu kwenye orodha.

"Walikuja bamaman bane," akasema, akainua vidole vinne, kisha akatandaza kitambaa kingine. "Wa groupe yetu ya wajane. Mi njo nilikuwa secrétaire. Wamevaa kikwembe ya groupe, wote bane. Nilidhani wanakuja kuomba na mimi. Nikawapikia chai. Mumoja akaniuliza kaburi ya bwana yangu iko wapi."

Akaingiza kitambaa chini ya sindano.

"Nikasema iko Shabunda, ni mbali. Akasema: Maman Kambi alitueleza Kadutu, kuko mutoto wa Bagira, maman yake anashonaka. Hapa Bagira wajane wenye kushona tuko wangapi?"

"Sikutaja jina," nikasema.

Nilisema hivyo. Katika yote, maneno hayo mawili ndiyo yanayonirudia nikiwa naosha vyombo au nikisubiri mtu barabarani, na ninajikuta nimetoa sauti kama mtu aliyejichoma na pasi. Mwanamke yule aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Hapana, hukutaja," akasema.

Akaendelea kwa sauti ileile, bila kuipandisha. "Walipoenda, nikaita mutoto. Nikamuuliza, uliambia nani? Akasema, niliambia Maman Kambi tu, mutu mwengine hapana. Nikasema unadanganya. Wewe uliongea na batoto wenzako, sasa unamuwekea maman wa Mungu kosa yako. Maman Kambi hawezi kusema. Nikamupiga. Akarudia: ni Maman Kambi. Nikamupiga tena juu ya kukutetea wewe."

Wakati huo msichana akatokea njiani na bidoni ya maji kichwani. Alikuwa amerefuka. Akaitua, akanipa mkono huku ameinamisha macho, akasema, "Jambo, maman," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kambini, akaingia ndani. Hakukuwa na kiburi katika sauti ile. Ilikuwa salamu ya mtoto aliyefunzwa vizuri kwa mgeni wa mama yake.

Nikapiga magoti pale barazani. Majirani walikuwa wakipita. Mama yule akaniinua haraka, akinishika kwapani, karibu kwa hasira.

"Usifanye hivyo hapa. Watauliza tena ni nini."

"Nitaenda Kadutu," nikamwambia. "Nitasimama mbele ya wale kina mama, niseme nimekosa."

"Utasema nini? Utasema historia tena?" Akatikisa kichwa. "Hapana simama mbele ya batu juu yangu. Ukitaka kunisaidia, nyamaza."

Nilikuwa nimeshaipanga ile toba njiani, ndani ya taksi-basi. Nilikuwa nimejiona nikilia mbele ya ukumbi mzima, na watu wakisema, tazama, maman huyu ana moyo. Aliponikataza ndipo nikajua kwamba hata toba yangu ilikuwa onyesho jingine lililotaka watazamaji. Nikaomba nimwone mtoto. Mama akaingia, akakaa kidogo, akarudi peke yake.

"Anasema iko na kazi ya masomo."

Ilikuwa mwisho wa Juni, mitihani imeisha.

Nilimwendea pasta wetu kumwambia nataka kuiacha kambi. Sikumweleza siri ya nani, nilimwambia tu kwamba nilivunja ahadi niliyompa mtoto. Akaniambia shetani anapigana nami kwa sababu kambi inazaa matunda, nipumzike wiki moja nirudi. Nilirudi. Sijui kama nilirudi kwa ajili ya watoto au kwa sababu sikujua ningeitwa nani bila kambi. Mwaka ule hatukuwaita yatima mbele, wala hatujawaita tena. Wamonitere waliponiuliza sababu, nilisema muda hautoshi. Oktoba nilipoanza tena kuzunguka makanisani, nilieleza chakula, usalama na masomo, basi. Nyuso hazikubadilika. Tulipata watoto wachache.

Nilisikia kwamba mama yule aliacha kanisa lile, akawa anasali kwingine, mbali na nyumbani, ambako hakuna anayemwita mjane wala kumwita kitu kingine. Kuhusu baba, sikusikia lolote, na sikuuliza.

Miaka ikapita. Mwaka jana nilikwenda kituo cha afya hapa mjini kumpeleka dada yangu aliyekuwa na homa. Mwanafunzi wa uuguzi aliyevaa blauzi nyeupe alikuja kumpima. Alikuwa na mwanya. Alimwuliza dada yangu maswali kwa upole, akaandika, akamsaidia kujifunga kikwembe. Kisha akageuka kwangu, na nikaona kwamba alikuwa amenitambua tangu nilipoingia.

"Bonjour, madame," akasema.

Nikaitikia. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi mdomoni, lakini kulikuwa na wagonjwa watatu kwenye benchi wakitusikiliza, na hilo angalau nilikuwa nimejifunza. Nikamwambia asante. Akanielekeza dirisha la dawa, akaita mgonjwa mwingine.

Kabla ya kuandika haya nilirudi Bagira. Mama ana cherehani mpya sasa, na msichana mwingine anayemfundisha kazi, ambaye alimtuma sokoni ili tuongee. Nikamwambia nataka kuandika nilichofanya, bila majina, na kwamba asipotaka sitaandika hata mstari mmoja. Mdomo wake ulikuwa na pini. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Nilimuuliza mutoto jana, ulipopiga simu," akasema. "Anasema, aandike, sasa iko mukubwa, haiko haya yake. Na mi ninasema, andika. Ile ya papa yake batu wote wanajua, umeshaeneza. Lakini usiandike kama Mungu njo alikutuma kuongea."

"Sitaandika hivyo."

"Hukuwa unaomba juu yetu. Ulikuwa unapenda vile batu wanakusikiliza."

Nikasema ndiyo, ni kweli. Mteja mmoja alikuwa ameshafika mlangoni na gauni la harusi la kupunguza kiuno, basi nikainuka, nikampisha kigoda, nikashuka kutafuta gari la mjini.