Rafu ya Milango ya Afungi

Jumanne iliyopita nilipigiwa simu kutoka ng'ambo ya Rovuma. Aliyepiga ni mpwa wa marehemu, mfanyabiashara mdogo wa Namoto ambaye huja huku Mtwara kununua sabuni na betri, na hakuzunguka. "Mwalimu, mjomba ametutoka. Tumemzika jana alasiri." Nikamuuliza mazishini walikuwepo watu wangapi. Akasema, "Wa kutosha kubeba jeneza." Aliyekulia pwani yetu anajua jibu hilo lina uzito gani. Kwetu hata mtu aliyegombana na majirani wote huzikwa na mji mzima, na waliomchukia ndio hushika jembe la kwanza. Huyu alikuwa seremala bora kuliko wote niliowahi kuwaona, na amekwenda kaburini akisindikizwa na wanaume wachache wenye haraka ya kurudi dukani. Jina lake sitalitaja. Hata kwao lilikwisha kusahaulika, kwa sababu tangu vita vya ukombozi watu walimwita Fundi Samaki, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mmenivumilia nikiandika juu ya bei ya korosho na tabia za madiwani. Leo nivumilieni nieleze jina hilo lilivyopatikana, maana nadhani nimebaki peke yangu ninayejua.

Wakati wa vita nilikuwa karani na mkalimani katika posto moja ndogo ya Wareno, yaani kituo cha utawala, si mbali na Afungi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye shati jeupe na Kireno nilichokipata shule ya misheni, na nilijiona nimefika. Mkuu wa posto, tuliyemwita shefe, alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hakupiga kelele hata siku moja, na sijaona tena ukatili uliotulia kama wake. Mkewe alikataa kumfuata kutoka Ureno, naye akajiliwaza kwa samaki wadogo wa rangi wanaoishi mwambani. Vita vilipokaza, wavuvi wetu walikatazwa kwenda kisiwa cha Macaloe, kwa hofu kwamba mitumbwi ingeleta watu na silaha kutoka Tanzania. Watu wakawa wanakula muhogo mkavu bila kitoweo, huku bahari wanaiona. Mtumbwi mmoja tu uliruhusiwa kutoka, ule wa kumletea shefe samaki wake wakiwa hai ndani ya madebe. Mvuvi akileta samaki aliyekufa, aliwekwa ndani. Matangi ya vioo yaliletwa kwa meli, sita, na kila moja lilimeza madebe kumi ya maji ya bahari yaliyobebwa na wafungwa kutoka ufukweni.

Shefe alitaka matangi yote sita yakae barazani mwake kwenye ukuta mmoja, mawili juu ya mawili juu ya mawili, ili akikaa kitini ayaone kwa pamoja. Fundi akaitwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mkimya, mwenye mazoea ya kugonga mbao kwa kidole na kuisikiliza kabla ya kuikata. Aliyazunguka matangi, akaniambia, "Karani, mwambie maji ni mazito kuliko anavyoyaona. Tangi moja likijaa ni watu wazima watatu. Haya sita ni watu kumi na wanane, wamepanda juu na hawashuki. Nahitaji mbao ngumu, mbambakofi. Nahitaji miguu minene na viungo vya ulimi na vigingi, kwa sababu msumari utaliwa na chumvi. Na baraza lenyewe limeinama, lazima nilipime kwanza." Nilitafsiri neno kwa neno. Shefe akatabasamu. Alisema mbambakofi iko bara, barabara ya bara ina mabomu, na yeye hapotezi lori kwa ajili ya mbao. Nyuma ya ghala kulikuwa na makasha matupu ya mvinyo na ya risasi, basi fundi atumie hayo, na atumie misumari. Akampa siku tatu.

Rafu ya makasha ilikamilika siku ya tatu asubuhi. Saa sita mchana wafungwa walipokuwa wanajaza tangi la nne, ubao wa kati ulilalamika, ukapinda kama mkeka, na vyote vikashuka. Matangi matatu yalisalimika, matatu yalivunjika, na samaki wakatapatapa sakafuni kati ya vigae vya kioo. Shefe aliinama akawaokota mmoja mmoja kwa mikono yake, taratibu, kama anayeokota watoto. Kisha akaosha mikono, akaagiza ile palmatoria. Kwa wasioijua, ni kibao kinene cha mti chenye mpini na matundu, cha kupigia viganja. Matundu yale huvuta nyama. Fundi alipigwa viganja vyote viwili mpaka mpigaji akachoka. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa sauti, kwa Kireno, na nilihesabu vizuri bila kuruka. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena maisha yake yote. Hata hivyo alijifunza kushika randa kwa vitatu.

Mwezi mmoja baadaye vioo vipya vilifika, na fundi akaitwa tena. Safari hii shefe alikubali kwamba mbao ziwe mbambakofi. "Utazipata wapi?" Fundi akajibu, "Mwambie nitatafuta." Shefe hakupenda jibu hilo. Akanigeukia mimi, akaniuliza kama mtu anayeheshimu akili yangu, "Na wewe, unasemaje?" Wiki ile askari walikuwa wamewahamisha watu wa vijiji vya Afungi na kuwaingiza katika kijiji kipya kilichozungushiwa seng'enge, wasije wakawapa wapiganaji chakula. Walitolewa na walichoweza kubeba kichwani. Nikasema kwa Kireno, ambacho fundi hakukijua, "Nyumba za Afungi zimebaki tupu, senyori, na milango yake mingi ni ya mbambakofi." Hakuna aliyenitishia. Hakuna aliyeninyooshea bunduki. Niliulizwa swali, nami nilikuwa na jibu, na nilifurahi kuwa nalo. Fundi akaniuliza, "Umemwambia nini?" Nikamjibu, "Nimemwambia mbao zitapatikana."

Milango ilifika kesho yake vichwani mwa wafungwa, kumi na minne. Fundi aliitazama ikipangwa chini, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, na nikajua ameelewa. Mingi kati ya ile aliitengeneza yeye mwenyewe. Alijua huu ulitolewa mahari, huu ulilipwa kwa mbuzi, huu mwenye nyumba alifariki kabla haujafungwa. Akainama, akaanza kung'oa bawaba. Mmoja ulikuwa na ubao wa juu uliochongwa Bismillahi kwa mkono wa baba yake marehemu. Shefe alitaka ubao huo upigwe randa uwe laini. Kwa mara ya kwanza fundi alikataa, akisema mbao ikipunguzwa unene haitabeba. Ulikuwa uongo, na niliutafsiri kama ulivyo. Akauweka ubao ule juu kabisa, kama kizuizi cha matangi, kwa sababu hakutaka maandishi yale yakae chini ya maji ya mtu.

Nimeona makabati mengi katika maisha yangu, na sijaona kitu kilichosimama kama rafu ile. Miguu sita, kila mmoja unene wa paja, imekatwa kwa urefu tofauti kufuata mwinamo wa baraza hadi pimamaji ikatulia katikati. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Lakini shefe alikuwa ameshapoteza vioo mara moja, na hakutaka kuvipoteza tena. Akakumbuka hesabu ya fundi mwenyewe. Wakatolewa wafungwa kumi na wanane, wakapandishwa sita kwenye kila ngazi, wamejikunja magoti kidevuni, wakaambiwa wakae hapo mpaka jua lipite utosini. Fundi alisimamishwa pembeni na pimamaji mkononi, aseme ikiwa rafu imesogea. Haikusogea. Haikutoa hata mlio. Mzee mmoja aliyebanwa ngazi ya chini, shingo imepinda na jasho la wenzake likimdondokea, alimwambia taratibu, "Fundi, umeifanya imara mno. Ungeilegeza kidogo tukaanguka, tungepumzika." Fundi akaiinamia pimamaji yake. Shefe akaniuliza mzee amesema nini. Nikamwambia anaisifu kazi.

Siku chache baadaye, rafu imejaa maji na samaki, alikuja bibi mmoja mjane kutoka ndani ya seng'enge. Aliomba ruhusa ya kuja posto kwa shauri la mlango wake, kwa sababu kibanda alichopewa kilikuwa wazi mbele, na mvua ilikuwa inamnyeshea mpaka kitandani. Alikuta fundi barazani anapaka mafuta mbao zake. Macho ya bibi yakapanda mpaka kwenye ule ubao wa juu. Akausoma. Kisha akamgeukia fundi. "Baba yako alininyooshea mkono akanipa mlango huu siku naolewa," alisema. "Wewe umeushusha ukamlazia Mreno samaki wake. Mungu akulaze wewe kama nilivyolala mimi." Fundi alifungua mdomo. Akanitazama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na shati langu jeupe. Akaufunga mdomo wake.

Shefe akatoka ndani, akataka kujua mwanamke anasema nini. Nilijua nikitafsiri bibi atachapwa. Nikasema, "Anasema samaki ni wazuri, senyori." Hapo nilidhani nimetenda wema. Shefe alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Akamshika bibi mkono, akamsogeza mbele ya matangi, akamwonyesha samaki mmoja mmoja na kunitajia majina yao ili nimtafsirie. Bibi alisimama pale mbele ya mlango wake, ameshikwa mkono, akifundishwa habari za samaki ambao yeye na watu wake walikatazwa kuwavua. Mwisho shefe akampa kipande cha sabuni. Aliamini ndiyo malipo ya mlango. Bibi akakiweka chini, miguuni pa fundi, akaenda zake. Alifia ndani ya ile seng'enge kabla vita havijaisha, kwa kifua.

Wareno walipoondoka, shefe aliwaacha samaki. Hakuna aliyewabadilishia maji, wakaoza, na harufu ikakaa barazani kwa wiki nzima. Palepale mbele ya baraza uliitishwa mkutano wa kuwaumbua waliotumikia wakoloni. Mimi, kwa kuwa nilijua kuandika, na kwa kuwa nilikuwa nimefanya haraka kubadili maneno yangu na marafiki zangu, nilikuwa katibu. Wakamsimamisha fundi. Mkono wake uliopinda hakuna aliyeuuliza. Waliuliza jambo moja tu: "Nani alimwonyesha shefe milango ya watu?" Nilishika kalamu nikingoja jina langu. Fundi akasema, "Shefe alikuwa na macho." Wakamzomea, "Fundi Samaki! Fundi Samaki!" Nikaandika: mshitakiwa amekataa kutaja wenzake. Alipelekwa bara kulima kwa miaka minne. Kaka za mkewe wakamdai talaka, akaitoa. Aliporudi hakuna mtu kwa upande wote ule aliyemwagiza tena mlango. Aliishi kwa kutengeneza mbuzi za kukunia nazi, na hata hizo alimpa mpwa wake akaziuze, kwa sababu mikononi mwake hazikununuliwa.

Mimi nilivuka nikaja huku, nikawa mwalimu, nikawa mwandishi, nikawa mtu wa kualikwa kwenye harusi. Nilirudi kumwona mara moja, nikiwa na mvi tayari. Hakuniambia karibu. Nilimuuliza kwa nini hakunitaja. Aliendelea kupiga msasa.

"Ningekutaja, mimi wangeniachia?" akauliza.

"Hapana."

"Basi. Tungekwenda wawili badala ya mmoja. Na bibi yule asingepata mlango."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi.

"Umekuja peke yako," alisema. "Ulipotoa neno lile la milango ulilitoa mbele ya shefe. Mimi nilizomewa mbele ya watu. Radhi unaileta uani, hakuna anayesikia. Karani, sijakusamehe. Usije tena." Nikaondoka, na ninakiri kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilipata nafuu, kwa sababu kukatazwa kurudi ni rahisi kuliko kurudi. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Katika miaka hiyo safu hii imetoka kila Jumapili, na Jumapili zote hizo nilikuwa na nafasi ya kusema mbele ya watu.

Nimemwomba mpwa wake aichukue safu hii aisome msikitini kwao baada ya sala ya Ijumaa. Alicheka, bila ubaya. "Mwalimu, nimsomee nani? Wazee wenyewe wamekwisha. Vijana ninaokutana nao wanatafuta vibarua kule kwenye uzio wa gesi Afungi, wananiuliza shefe ni nani." Nikamwambia aisome hivyo hivyo. Akasema ataangalia.

Kwa hiyo, wasomaji wangu, nililojifunza ni hili, nanyi mlichukue kwa kadiri mnavyoniamini baada ya leo. Ukweli una muda wake wa kumfaa mtu. Wangu ungemfaa fundi siku ya mkutano, ungemfaa aliporudi kutoka bara, ungemfaa hata mwaka jana, angalau apate watu wa kumzika. Nimeukalia mpaka hakuna anayeuhitaji isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyestahili kuikosa nafuu yake.